Bunduki ya Bega la Kushoto

Kwetu Nakuru bunduki ikiingia ndani ya nyumba ina maana mbili tu: ama polisi wamekuja, ama wanaotafutwa na polisi wamekuja. Kwa hiyo asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ya Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh, nilipoingia sebuleni na ndoo nikamkuta mzee mwenye nyumba ameketi kwenye zulia, amezungukwa na vipande vya bunduki juu ya shuka kuukuu, nilirudi jikoni kinyumenyume. Nilisimama kando ya friji nikamshtakia Mungu, kwa lugha zote ninazozijua, yule ajenti wa Nairobi aliyeniapia kwamba naenda kumtunza mama mgonjwa katika familia tulivu.

"Taal, binti, taal," mzee akaniita. Njoo. Nikachungulia mlangoni. Alikuwa ameinua mtutu mtupu kuelekea dirishani, anatazama ndani yake, kisha akaniashiria na mimi nitazame. Niliona duara dogo la mwanga, safi kabisa. Akatabasamu kama mtu aliyekuonyesha picha ya mjukuu. Akiba yangu yote ya Kiarabu wakati huo ilikuwa yalla, halas na mafi, yaani twende, imetosha na hakuna, basi nikasema "kwayis", nzuri, neno nililookota uwanja wa ndege. Alifurahi sana, akanipa kitambaa nimshikie.

Familia ilikuwa tulivu kweli, ajenti nimsamehe hilo. Mzee, ambaye mimi nilimwita Baba, alikuwa mstaafu aliyeendesha lori la mafuta jeshini kwa miaka mingi. Mkewe, Madam, magoti yalikuwa yamemkataa, anasukumwa kwa kiti cha magurudumu, na mimi ndiye niliyeletwa kukisukuma. Watoto walikuwa wakubwa, wana nyumba zao: binti mmoja Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na mtoto wa kiume wa kwanza, karani wa benki, hapo hapo karibu, anakuja kila Ijumaa na wanawe na maoni yake. Nyumbani walidhani kila Mwarabu ana kisima cha mafuta nyuma ya jiko. Hii ilikuwa nyumba ya pensheni. Madam alikuwa akizima taa nyuma yangu huku ananiuliza kama baba yangu ana kiwanda cha umeme.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu ambapo kila mtaa wa kwetu ulikuwa na msichana anayeshughulikia pasipoti. Wako wenzangu walioangukia nyumba za moto, na yao siwezi kuyasimulia mimi. Mimi niliangukia kwa mzee anayependa kulenga shabaha. Nasema waziwazi kwamba nilimpenda yule mzee kama mtu unavyompenda mwalimu, na kama hutaki kusikia mtu akisifiwa, usiendelee kusoma.

Kila majira ya baridi, Baba na wenzake wa jeshini walikuwa na desturi. Walipiga mahema jangwani nje ya Riyadh, familia zote, karibu na kiwanja kilichotengwa kwa kulenga, chenye tuta refu la mchanga mwishoni. Asubuhi moja katika siku hizo walining'iniza kitunguu kwa uzi kwenye fremu ya chuma mbele ya tuta. Kitunguu cha kawaida cha jikoni. Kila mzee alipewa zamu yake ya risasi chache, na aliyekipasua alikunywa kahawa kabla ya wengine wote, hata kama kuna sheikh amekaa pale. Hakukuwa na zawadi nyingine. Nilivyoambiwa, kwa miaka mingi kahawa hiyo ilikuwa ya Baba, mpaka wenzake wakawa wanamtania kwamba amemwoa kitunguu.

Majira yangu ya kwanza ya baridi pale, alikikosa. Zamu yake yote alipiga mchanga tu. Aliirudisha bunduki mezani, akaifungua, akahakikisha ni tupu, akanywa kahawa wa mwisho. Madam, aliyekuwa kwenye kiti chake nyuma ya uzio na mimi, aliniambia kwa sauti ndogo, "Jicho." Nilikuwa nimeona dalili bila kuzielewa. Baba alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, halafu ananilaumu mimi eti nimekisogeza.

Daktari alikuwa Jeddah, kwa hiyo tulikwenda kwa gari hadi kwa binti yake Al-Safa, safari ya kutwa nzima, Madam kiti cha mbele akimwambia Baba jinsi ya kuendesha. Daktari alisema jicho la kulia limeharibika kwa nyuma, katikati pana doa, na doa hilo halitaondoka. La kushoto lilikuwa zima. Baba alisikiliza akauliza swali moja tu, nalo nililisikia kwa sababu nilikuwa nimeshika kiti cha Madam mlangoni: hilo la kushoto, linaona mbali? Daktari akasema linaona vizuri kuliko lake yeye mwenyewe. Baba akamshukuru, akavaa viatu vyake.

Tuliporudi Riyadh, Ijumaa iliyofuata, mtoto wake wa kwanza aliongea. Tulikuwa tumeshaondoa sinia la wali na nyama, nagawa chai. Hakuwa mtu mbaya, yule karani, nataka nieleweke. Alimpenda babake kwa ile namna ya watu wanaoogopa.

"Baba, kibali cha silaha kinaisha mwisho wa baridi ijayo," alisema. "Tusikihuishe. Tuuze zote. Na ile gari ya jangwani pia, kwa jicho hilo."

Baba alikoroga chai yake. Mimi nilikuwa nimeshika birika hewani.

"Kwenye kitunguu," Baba akasema. "Baridi ijayo. Nikikosa, uza. Bunduki, gari, hema, vyote. Nikipata, wewe mwenyewe utanipeleka kuhuisha kibali."

"Kwa jicho gani?"

"Nililobaki nalo."

Wakapeana mikono juu ya chai. Madam akafunga macho akasema "halas", kwa sauti ya mtu aliyeolewa na wendawazimu na amekubali. Mimi nilijua uzito wa mapatano hayo, kwa sababu nilikuwa nimemwona Baba jangwani na nilikuwa nimemwona nyumbani. Nyumbani alikuwa mzee anayehamishwa kutoka kiti kimoja hadi kingine ili nipige deki. Jangwani watu walimngojea aseme kabla ya kuwasha moto. Wakimchukulia jangwa, wangebaki na mtu wa kuhamishwa.

Alianza siku hiyo hiyo. Aliniomba nishone kitambaa cheusi kwenye kioo cha kulia cha miwani yake, nikashona, Madam akasema nimemgeuza haramia. Alasiri baada ya swala alitoka uani na mpini wa dekio langu, akauweka bega la kushoto, akalenga bomba la maji la jirani. Mkono wake ulipotea njia kila mara. Alikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono ambao hajawahi kuutumia, mdomo nao unasaidia. Aliweka sarafu kwenye ncha ya mpini, na kila ilipoanguka niliiokota. Sikuwa na dekio kila alasiri kwa miezi, na sakafu ya jikoni ilijifunza kusubiri.

Baada ya muda alisema mpini umeshamfundisha ulichojua. Sasa bunduki. Zake mbili za zamani zilikuwa za kukoki kwa mkono kila baada ya risasi, na komeo lake liko upande wa kulia. Mtu wa bega la kushoto inabidi aachie, auvushe mkono juu, avute, arudi kulenga upya. Alinionyesha kwa mpini, na hata mimi niliona kwamba ni sawa na kupika ugali mlango wa jiko ukiwa katikati yako na sufuria. Za komeo la kushoto zilikuwepo, lakini bei yake ilimfanya Madam acheke mpaka akakohoa. Kwa hiyo alitaka bunduki ndogo ya shabaha inayojikoki yenyewe, moja kwa kila mvuto wa kidole, ambayo inaweza kufunguliwa na kubadilishwa mpaka imkubali mtu wa kushoto. Na alikuwa na pesa za zile mbili za zamani baada ya kuziuza, basi, hana nyingine. Mtoto wake aliwahi kudokeza kwamba mshahara wangu unaweza kungoja mwezi mmoja. Baba alimtazama tu, na neno hilo halikurudi katika nyumba ile.

Dukani tulikwenda wote watatu, kwa sababu Madam alisema mwanamume akiingia peke yake duka la bunduki anatoka na meli. Nilimsukuma hadi kaunta. Muuzaji alikuwa kijana wa manukato mengi, akatupangia mezani bunduki nyeusi zenye kila kitu: reli za kufungia vifaa, tochi, darubini mbili mbili, miguu ya kukunja. Nakiri zilivutia. Zilionekana kama vitu ambavyo vingeweza kupika na kufua pia.

Baba hakugusa hata moja. Kwanza aliuliza bei ya risasi.

"Ya risasi?" kijana akasema. "Haj, hujachagua bunduki."

"Nitapiga nyingi. Jicho hili ni mwanafunzi."

Akatajiwa bei za aina mbalimbali, na hapo hapo nusu ya bunduki za mezani zikarudishwa ukutani, kwa sababu chakula chake kilikuwa ghali kuliko zenyewe. Halafu akauliza maganda yanaruka kwenda wapi. Nilidhani ni utani, mpaka alipoeleza kwamba karibu zote hutupa ganda la moto kulia, na mtu wa bega la kushoto, uso wake uko kulia. Kijana ikabidi aende nyuma kuuliza. Alirudi na moja yenye kikingio kidogo kinachosukuma maganda mbele. Baba akaishika. Hakuielekeza kwa mtu, hata kwa bahati mbaya, hata mara moja, na kabla ya chochote aliifungua akaingiza kidole kuhakikisha ni tupu, ingawa kijana alikuwa ameshafanya hivyo mbele yetu. Mpaka leo nikipewa sufuria iliyofunikwa, nafunua kwanza.

Akauliza kitako kinafungwa na nini. Skrubu mbili. Kitufe cha usalama kinageuzwa upande? Kinageuzwa. Mtutu ukichoka, unabadilishwa bila kununua bunduki nzima? Unabadilishwa. Darubini? Sitaki, baadaye, Mungu akitoa. Tochi? Nalenga mchana. Kila alichokikataa, kijana alizidi kunywea, na mimi nilizidi kuvimba kwa fahari kana kwamba mzee ni wangu.

Iliyobaki mezani ilikuwa ya maonyesho, imekaa dirishani jua likiipiga, kitako chake cha plastiki kimepauka upande mmoja. Ilikuwa mbaya kusema kweli. Madam akaingia kazini.

"Hii imeungua," akasema.

"Ni rangi tu, mama."

"Na mimi magoti yangu ni rangi tu. Punguza."

Alimshusha bei yule kijana mpaka manukato yake yakaisha. Tuliondoka, baada ya makaratasi yote ya kibali kukaguliwa, na bunduki, magazini ya akiba, kile kikasha cha risasi, na begi la kubebea ambalo halikuwa sehemu ya mapatano mpaka Madam alipoliweka mapajani mwake na kukataa kulitoa. Ndani ya gari Baba aliniambia kwamba pesa zake amezilipia moyo wa bunduki. Mwili atautengeneza taratibu.

Na mwili ulihitaji kutengenezwa. Kile kitako cha plastiki kilikuwa kifupi kwa mikono yake mirefu, na sehemu ya kuegemeza shavu ilikuwa chini, akilaza uso jicho la kushoto linatazama chuma badala ya shabaha. Kitako cha kuagiza, cha kushoto, kilikuwa bei ya bunduki nyingine. Hapo ndipo na mimi nikatia mkono. Kule Jeddah, safari ya kwanza, kitanda cha binti yake kilivunjika, akaitwa fundi seremala. Nilipita na nguo, nikasikia mtu chini ya kitanda analaani misumari kwa Kiswahili. Nusura nimvute miguu nimkumbatie. Alikuwa Mzanzibari, anakaa Bani Malik, chumba cha kupanga na wenzake, na karakana yake ilikuwa upenu wa nyuma.

Tulikuwa na miadi ya pili ya daktari, katikati ya joto. Bunduki ilibaki Riyadh kwenye kabati la chuma, tukabeba kitako peke yake, kipande cha plastiki ndani ya foronya. Baba aliendesha hadi Bani Malik, akaegesha gari, akapenya kwenye vichochoro vya watu wa mataifa yote na kitako chake kwapani. Fundi alikipokea akakigeuzageuza.

"Dada, nambie kweli," akaninong'oneza, "huyu bwana ataka nini hasa? Mie sijapatapo kuishika bunduki, hata ya maji."

"Fundi, please, usituangushe. Ni kama mguu wa kiti tu. Inafaa kumkaa yeye."

"Ah. Kumkaa. Basi hilo nalijua."

Alimsimamisha Baba katikati ya upenu. Jua lilikuwa limesimama juu ya Jeddah, na ile hewa ya bahari inayokulowesha bila mvua. Baba alivua kilemba akabaki na kanzu yake nyeupe nyepesi, imemgandia mgongoni. Fundi akampima: kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole cha kuvuta, kutoka bega mpaka shavu, mimi nimeshika ncha ya utepe begani na kutafsiri. Alimlazimisha afumbe macho, aweke kitako begani, ndipo ayafumbue, ili aone jicho limeangukia wapi lenyewe. Baba alipenda hilo sana. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mbao ilikuwa ya msaji, imetoka kwenye dirisha la nyumba ya zamani iliyobomolewa. Fundi alisema mbao iliyokaa karne kwenye chumvi na jua haitajikunja tena kwa ajili ya mtu yeyote. Tulipokwenda kuchukua, kitako kilikuwa chekundu-kahawia, kirefu, mahali pa shavu pameinuka kwa mkunjo mdogo upande wa kulia, hapana urembo wowote ila ule wa mti wenyewe. Baba alikiweka begani, macho yamefumbwa, akayafumbua. Halafu akamshika fundi kichwa kwa mikono miwili akambusu kwenye paji la uso, na yule Mzanzibari akabaki anatafuta patasi yake aliyokuwa ameishika.

Riyadh kitako kiliingia skrubu mbili kana kwamba kilizaliwa pale. Joto lilipopungua kidogo, Baba akaanza kwenda kiwanjani, mara nyingine na sisi, Madam akiwa na thermosi yake na lawama zake. Mwanzoni alipiga mchanga. Kisha karatasi, pembeni. Kisha matundu yakaanza kukaribiana, mpaka nikaweza kuyafunika yote kwa kiganja, baadaye kwa kifuniko cha thermosi. Alikuwa mzee mwenye zaidi ya sitini, anajifunza upya kitu alichokijua kuliko watu wote, na hakuwahi kukasirikia mkono wake. Aliusemesha. "La, la, polepole," aliuambia, kama ulikuwa mtoto wa mtu mwingine ambaye hana ruhusa ya kumchapa.

Baridi ikaja. Wasioijua Riyadh hudhani kule ni joto tu. Ile baridi ya jangwani inaingia kwenye meno. Tukapiga mahema, wazee wakaja na familia zao, na asubuhi ya kitunguu ikafika na upepo unaokata. Kila mwanamume alikuwa ndani ya farwa, lile koti refu zito lenye manyoya ya kondoo ndani, na mimi nilikuwa nimevaa kila kitu nilichotoka nacho Kenya, tabaka juu ya tabaka.

Kazi ya kutoa vitunguu ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mfuko wa jikoni. Zamu ya Baba ilipofika nilichagua kimoja kikubwa, karibu sawa na kichwa cha mtoto mchanga, nikakipeleka. Baba alikipima mkononi. Akanitazama na lile jicho moja kupitia miwani ya haramia, akanirudishia.

"Kidogo," akasema. "Kama cha wenzangu."

Nikapeleka kidogo, nimeinamisha kichwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amesimama karibu na meza, mikono kwapani. Wazee wote walijua habari ya kitunguu hiki.

Baba aliingiza magazini, akainua bunduki. Na papo hapo nikaona kuna kitu. Kitako kilikwama kwenye manyoya ya farwa, akakivuta, akakiweka tena. Shingo yake ilikuwa imerudi nyuma, kidevu juu, mkono wa mbele umenyooka kupita kiasi. Nilikuwa nimemwona akiinua bunduki ile miezi yote, na hakuwahi kuwa hivyo. Akapiga. Mchanga ukaruka mbali, kushoto. Akajipanga tena, akatulia, akapiga. Mchanga. Kitunguu kilikuwa kinazunguka kwenye uzi wake polepole, kizima. Mtoto wake akatazama chini, na naapa hakuwa na furaha.

Baba alishusha bunduki. Akatoa magazini, akaifungua, akahakikisha, akailaza mezani mtutu ukielekea tuta. Nikadhani ndiyo basi. Hasira ikanipanda kwa daktari, kwa karani, kwa kitunguu chenyewe. Madam akanishika mkono, kwa nguvu sana.

Baba akageuka kule uzioni tulikokuwa, akanitafuta kwa jicho lake, akasema neno moja.

"Jeddah."

Nikaelewa. Mungu wangu, niliona upenu wa Bani Malik, ile kanzu imemgandia mgongoni, mimi nimeshika utepe begani. Tulikuwa tumempima mtu wa Jeddah, katika joto la Jeddah, na sasa tumemleta jangwani ndani ya kondoo mzima, unene wake unakisukuma kitako mbele mno. Zile bunduki zake za zamani zilikuwa fupi, za kijeshi, zilizotengenezwa kwa watu wenye makoti, kwa hiyo hakuwahi kufikiria jambo hilo maisha yake yote. Kitako cha msaji kilikuwa sahihi kabisa. Kilikuwa sahihi kwa mtu aliyevaa kanzu tu.

Akavua farwa. Akaikunja, akaiweka mezani. Akavua na sweta. Akabaki na kanzu, upepo unaivuta, unaona mbavu na mabega na jinsi alivyokuwa mwembamba kweli chini ya yale manyoya yote. Wazee walipiga kelele. Madam alipiga kelele kuliko wote: "Utakufa, wewe mzee! Utaniacha na nani?" Baba alikuwa anatetemeka kwa baridi, nilikuwa namwona kutoka mbali, mikono yote miwili. Akaingiza magazini. Akafumba macho, bunduki begani, akangoja. Akangoja mpaka mtetemeko ukapita kama mtu anavyongoja lori lipite ndipo avuke barabara. Kisha akafumbua jicho.

Kitunguu kilitoweka. Ulibaki uzi unarukaruka, na upepo ukatuletea harufu yake mpaka uzioni, na ndiyo maana watu wote waliokuwa pale walisema machozi yao ni ya kitunguu. Yangu mimi hayakuwa ya kitunguu. Nililia kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Kahawa ilikuwa tayari inamiminwa. Baba alikuwa bado ameelekea mbele, anaifungua bunduki, anaingiza kidole, vidole vimekuwa vya buluu. Mtoto wake aliichukua farwa mezani, akaikunjua, akasimama nyuma ya babake ameishika wazi kwa mikono miwili, anamkinga upepo. Alisimama hivyo akingoja mzee amalize.

"Vaa, Baba," akasema.

"Bado. Magazini ina risasi nyingine."

Karani akamtazama. Akatazama uzi. Halafu, farwa bado mikononi, akanigeukia mimi kule uzioni na mfuko wangu wa jikoni.

"Binti, leta kitunguu kingine," akaniitia. Akavuta pumzi. "Kidogo zaidi."

Niliinama nikauchimba mfuko mpaka chini, nikitafuta kidogo kuliko vyote.